Mafuta Hatari Katika Chakula: Mwongozo Kamili wa Kuyatambua na Kuyaepuka Kila Siku

Wengi wanaoamua kupunguza mafuta hatari katika chakula hukwama mahali palepale. Huanza kwa ari, wakapunguza mafuta ya kupikia, wakaacha siagi, wakanunua bidhaa zilizoandikwa "haina kolesteroli", na miezi kadhaa baadaye wakipima damu wanakuta hali haijabadilika. Hawakushindwa kwa uvivu. Walipunguza mafuta wanayoyaona na kuyaacha yale yaliyojificha ndani ya biskuti, soseji, jibini na vyakula vya kukaangwa. Au waliondoa mafuta yote bila kuchagua, kisha pengo wakalijaza kwa sukari na unga mweupe, jambo ambalo haliupunguzii moyo hatari.

Mwongozo huu unashika njia ya tatu: kuyatambua mafuta kwa aina zake, kuyapima kwa gramu, kisha kuyaondoa yale mabaya na kuweka mazuri mahali pake. Mwili unayahitaji mafuta. Ndiyo yanayouwezesha kufyonza vitamini A, D, E na K, na zipo asidi za mafuta ambazo hauwezi kujitengenezea, hivyo hazina budi kutoka kwenye chakula.

## Wasioanza bila ushauri

Watoto walio chini ya miaka 2 wasipunguziwe mafuta wala kupewa maziwa yaliyoondolewa mafuta, kwa kuwa ubongo na mwili wao unakua kwa kasi na unahitaji nishati nyingi ndani ya chakula kidogo. Mtu aliyepungua uzito kupita kiasi, mgonjwa anayejikongoja kurudia hali yake, na mwenye maradhi ya ini, kongosho au nyongo azungumze kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu.
- Vijiko vya kupimia: kijiko cha chai (mililita 5) na kijiko kikubwa (mililita 15).
- Mizani ndogo ya jikoni, ikiwezekana.
- Jagi lenye alama za mililita.
- Kikaango kisichoshika chakula, chujio la nyavu laini na karatasi za kufyonza mafuta.
- Kipimajoto cha mafuta ya kukaangia, ingawa ipo njia ya kufanya bila hicho.
- Vifungashio vya vyakula ulivyonunua wiki hii. Usivitupe, vitatumika katika hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Yajue makundi matatu

Mafuta ya transi ndiyo mabaya kuliko yote. Mengi yake hutokea kiwandani, pale mafuta ya mimea yanapotiwa gesi ya haidrojeni kwa sehemu ili yagande kiasi, yasiharibike upesi na yastahimili kukaangiwa mara nyingi. Yakiingia mwilini hupandisha LDL, yaani kolesteroli inayojikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu, na papo hapo hushusha HDL, ile inayosaidia kuirejesha kolesteroli kwenye ini ili iondolewe. Hayana faida yoyote ya kiafya inayojulikana. Kiasi kidogo cha mafuta haya hupatikana pia kwa asili katika nyama na maziwa ya wanyama wanaocheua.

Mafuta yaliyoshiba hupandisha LDL pia. Yamo kwa wingi katika siagi, samli, jibini, malai, shahamu ya ng'ombe na kondoo, na mafuta ya nguruwe. Kwa upande wa mimea yamo katika mafuta ya nazi, mafuta ya kiini cha mchikichi na, kwa kiasi cha nusu hivi, mawese. Watu wengi hufundishwa kuyatambua kwa kuganda kwake, na kanuni hiyo inafaa kwa sehemu tu: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mahali penye joto yatamiminika kama mafuta mengine yoyote huku yakibaki yameshiba vilevile. Usihukumu kwa macho pekee.

Mafuta yasiyoshiba ndiyo tunayoyataka mahali pa hayo mawili. Haya ni mafuta ya alizeti, soya, mahindi, ufuta, karanga, kanola na zeituni, pamoja na yale yaliyomo ndani ya parachichi, karanga, lozi, mbegu na samaki wenye mafuta kama sardini na salmoni.

Utajua umeielewa hatua hii utakapoweza kufungua kabati la jikoni na kukipanga kila chombo cha mafuta katika kundi lake bila kusita.

## Hatua ya 2: Weka kikomo chako kwa gramu

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yote kwa jumla yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku, yaliyoshiba yasizidi asilimia 10, na ya transi yasizidi asilimia 1. Asilimia hizi hazimsaidii mtu aliyesimama dukani ameshika pakiti, kwa hiyo zigeuze ziwe gramu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9.

Chukua kilokalori unazohitaji kwa siku, gawanya kwa 90, na utapata kikomo cha mafuta yaliyoshiba. Gawanya kwa 900, utapata kikomo cha mafuta ya transi. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, majibu ni gramu 22 na gramu 2.2, na mafuta yote kwa jumla yasizidi gramu 67 hivi. Anayehitaji kilokalori 2,500 atapata gramu 28 na gramu 2.8.

Andika namba zako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa mafuta ya transi, ile 2.2 isichukuliwe kama ruhusa. Kadiri unavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa salama zaidi.

## Hatua ya 3: Ipime chupa ya mafuta

Hapa ndipo watu hushangaa. Siku utakapofungua chupa mpya ya mafuta ya kupikia, andika tarehe kwenye kibandiko na ukibandike juu yake. Ikiisha, hesabu siku zilizopita na watu waliokula.

Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Ikiwa watu wanne wameimaliza kwa siku 7, kila mmoja amekula wastani wa gramu 33 kwa siku, nazo ni nusu ya kikomo chake cha gramu 67, kabla hajahesabiwa nyama, maziwa, mkate wa kupaka wala kitafunwa cha aina yoyote. Chupa hiyohiyo ikidumu siku 14, wastani unashuka hadi gramu 16 hivi. Kama ulikaangia kisha ukamwaga mafuta yaliyobaki, yapime kwa jagi kabla ya kuyatupa na uyatoe kwenye hesabu.

Usibadilishe upishi wako wakati wa kupima chupa ya kwanza. Ukianza kujibana mapema utapata namba nzuri isiyokuambia ukweli kuhusu jiko lako.

## Hatua ya 4: Soma lebo kwa utaratibu

Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu maandishi ya lebo ni madogo na maneno ya mbele ya pakiti ni makubwa. Geuza pakiti kwanza. Usisome mbele mpaka umemaliza nyuma.

Anza na orodha ya viambato. Katika nchi nyingi viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Tafuta maneno yanayoonyesha kwamba mafuta ya mimea yametiwa haidrojeni kwa sehemu. Ukiyakuta, irudishe bidhaa hiyo rafuni bila mjadala. Mafuta yaliyotiwa haidrojeni kikamilifu ni jambo tofauti: hayo karibu hayana transi, lakini yameshiba, kwa hiyo yanaingia kwenye hesabu ya kundi la pili. Lebo ikisema tu "yametiwa haidrojeni" pasipo kufafanua, mimi huchukulia kwamba ni kwa sehemu.

Kisha soma safu ya gramu 100. Safu hiyo ndiyo inayokuwezesha kulinganisha bidhaa mbili kwa haki. Mwongozo wa lebo unaotumika Uingereza unafaa mahali popote: chakula chenye zaidi ya gramu 5 za mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100 kina kiwango cha juu, na chenye gramu 1.5 au pungufu kina kiwango cha chini.

Mwisho, tazama kipimo cha mlo mmoja. Tuchukue mfano wa pakiti ya biskuti ya gramu 150 yenye gramu 11 za mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100. Mtengenezaji ameandika kwamba mlo mmoja ni gramu 25, yaani biskuti mbili, na hapo mafuta yaliyoshiba ni gramu 2.75, inaonekana si neno. Lakini anayekula nusu pakiti huku akinywa chai amekula gramu 75, na mafuta yaliyoshiba yamefika gramu 8.25, zaidi ya theluthi ya kikomo chake cha gramu 22. Andika kile unachokula kweli, usiandike alichokupangia mtengenezaji.

Mambo matatu huwapoteza wasomaji wa lebo. La kwanza ni "haina kolesteroli". Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kutiliwa maanani hata kidogo, kwa hiyo maneno hayo hayakuambii chochote kuhusu kushiba kwake: mafuta ya nazi nayo hayana kolesteroli, na zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yaliyoshiba. La pili ni "mafuta kidogo". Bidhaa ya namna hii mara nyingi huongezwa sukari au wanga ili ladha isipotee, hivyo mstari wa sukari usomwe pia. La tatu ni sifuri ya mafuta ya transi. Sheria za lebo za Marekani, kwa mfano, zinaruhusu kuandikwa sifuri ikiwa mlo mmoja una chini ya nusu gramu, na anayekula milo minne ya namna hiyo anaweza kuwa amekaribia gramu 2 huku akiamini hajala kitu. Ndiyo sababu orodha ya viambato hutangulia namba.

Vyakula vinavyouzwa bila lebo, kama keki, maandazi na mikate ya kukunjwa, vina njia moja tu: muulize mwokaji anatumia mafuta gani. Asipojua au asipotaka kusema, chakula hicho kiwe cha nadra.

Sasa chukua vile vifungashio ulivyovihifadhi, vipange kuanzia chenye mafuta yaliyoshiba mengi hadi kidogo, na uviandike daftarini. Vitatu vya juu ndivyo vya kushughulikiwa kwanza. Usijaribu kubadilisha vyote kwa wiki moja.

## Hatua ya 5: Badilisha mafuta ya kupikia na ya kupaka

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina gramu 14 hivi. Kikiwa cha siagi, gramu 7 zimeshiba. Kikiwa cha mawese, karibu gramu 7. Kikiwa cha mafuta ya nazi, gramu 11 hadi 12, maana yake vijiko viwili tu vinakipita kikomo cha siku nzima. Kikiwa cha zeituni ni gramu 2, cha alizeti gramu 1.5, na cha kanola gramu 1. Tofauti hii ndiyo inayofanya kubadilisha aina kuwe na nguvu kuliko kupunguza kiasi peke yake.

Chagua mafuta mawili tu ya kundi la tatu na uyaweke karibu na jiko. Yahifadhi mbali na mwanga na joto, kifuniko kikiwa kimekazwa, kwa sababu mafuta yasiyoshiba huchacha upesi yanapokutana na hewa, mwanga na joto. Usinunue chupa kubwa kuliko mahitaji yako ya miezi michache.

Acha kumimina kutoka kwenye chupa. Tumia kijiko. Mafuta mazuri nayo hutoa kilokalori 120 hivi kwa kila kijiko kikubwa, na anayemimina kwa mkono kwa kawaida hutoa zaidi ya anavyodhani.

Kuunga mchuzi kunawezekana kwa mafuta kidogo kuliko tulivyozoea. Pasha kikaango, tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, weka vitunguu na chumvi kidogo, kisha punguza moto. Vitunguu vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji na usugue kwa mwiko. Ile rangi ya kahawia iliyoshika itaachia na kuvipaka vitunguu. Rudia mara mbili au tatu. Umefaulu ikiwa vitunguu vimelainika na kupata rangi ya dhahabu, na mchuzi ukiiva huoni tabaka la mafuta linaloelea juu.

Katika kuoka, siagi ina asilimia 80 hivi ya mafuta na sehemu kubwa ya inayobaki ni maji, kwa hiyo gramu 100 za siagi hubadilishwa kwa gramu 75 hadi 80 za mafuta ya maji na kijiko kimoja cha maji au maziwa. Keki laini huvumilia badiliko hili vizuri. Maandazi na biskuti za tabakatabaka hazivumilii, na ni afadhali kuzila mara chache zikiwa zimepikwa sawasawa kuliko kuziharibu kila wiki.

Juu ya mkate, parachichi lililopondwa au siagi ya karanga hushika nafasi ya siagi ya maziwa. Soma lebo ya siagi ya karanga, kwani nyingine hutiwa mafuta yaliyogandishwa na sukari ili isijitenge. Ukinunua majarini, ile laini ya kopo huwa afadhali kuliko ngumu ya mche, mradi viambato vyake umevikagua.

Jihadhari na kosa moja: ukiondoa siagi ukaweka jamu na mkate mweupe zaidi, hujapata faida. Faida kwa moyo huonekana pale mafuta yaliyoshiba yanapoachia nafasi mafuta yasiyoshiba, nafaka zisizokobolewa, kunde na karanga.

## Hatua ya 6: Nyama, supu na maziwa

Kata shahamu inayoonekana kabla ya kupika, kwa kuwa ikishayeyuka ndani ya sufuria haitenganishiki tena kwa urahisi. Kuku avuliwe ngozi, maana sehemu kubwa ya mafuta yake iko kwenye ngozi na chini yake. Soseji, bekoni na nyama nyingine zilizosindikwa zina mafuta yaliyosagwa humohumo yasiyoweza kukatwa kwa kisu. Zipunguze au ziache.

Kwa supu na mchuzi wa nyama ipo njia ya uhakika. Pika mapema, upooze upesi kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha uweke kwenye friji. Kesho yake utaona tabaka jeupe lililoganda juu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na yaliyoshiba huwa magumu kwenye baridi. Linyanyue kwa kijiko, chemsha supu upya na ule. Sufuria isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, kwani vijidudu huzaliana upesi katika supu vuguvugu.

Glasi ya mililita 250 ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta ina gramu 5 hivi za mafuta yaliyoshiba. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta yana protini na kalisi ileile, hivyo kwa mtu mzima badiliko hili halimnyimi virutubisho hivyo.

## Hatua ya 7: Kukaanga, ikiwa ni lazima

Chemsha, oka, choma au pika kwa mvuke siku nyingi za wiki. Siku ya kukaanga, kaanga sawasawa.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzijoto 170 na 180. Chakula kikiingia kwenye mafuta yenye joto hilo, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kusukuma kwenda nje, na mafuta hayapati nafasi ya kupenya. Mafuta yakiwa na joto pungufu, msukumo huo huwa dhaifu, chakula hukaa muda mrefu na kutoka kimelowa. Asiye na kipimajoto achovye ncha ya mwiko mkavu wa mbao: vipovu vidogo vikipanda mfululizo kuuzunguka, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi, yamepita kiasi; moshi huo unaochoma macho una kemikali iitwayo akroleini, na mafuta yenyewe yameanza kuvunjika. Epua kwenye moto.

Usijaze kikaango, kwani chakula kingi hushusha joto ghafla. Kata vipande vinene, kwa kuwa vipande vyembamba vingi vina eneo kubwa zaidi la kunyonya. Na hili halijulikani sana: sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani ya chakula baada ya kuopolewa, kinapoanza kupoa na mvuke kukoma. Kwa hiyo kikung'ute juu ya kikaango kingali moto na kukilaza papo hapo kwenye karatasi ya kufyonza. Dakika mbili za kuchelewa hupoteza kazi yote.

Mafuta yaliyotumika yachujwe mabaki yakishapoa, kisha yafunikwe na kuwekwa gizani. Yatupe mara uonapo mojawapo ya dalili hizi: yamekuwa meusi na mazito, yanatoa povu lisilotulia, yananuka kwa ukali, au yanafuka moshi mapema kuliko zamani. Usiyaokoe kwa kuongeza mafuta mapya, kwa sababu ya zamani yatayaharibu haraka.

Onyo: mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko cha chuma, na usiisogeze.

Ili kujua umefaulu, pima mafuta kwa jagi kabla ya kukaanga na baada ya kupoa. Ukianza na mililita 500 na kubakiwa na 420, mililita 80 zimeingia kwenye chakula. Kwa watu wanne ni mililita 20 kila mmoja, karibu gramu 18. Wiki nyingine jaribu kuishusha namba hiyo.

## Hatua ya 8: Unapokula nje

Uliza mambo mawili: chakula kimepikwa kwa mafuta gani, na je, mchuzi unaweza kuletwa pembeni? Chagua vya kuchoma au kuchemsha. Chakula cha kukaangwa kilicho cheusi na chenye ladha kali kimetoka kwenye mafuta yaliyochoka, kiache.

## Hatua ya 9: Pima matokeo

Pima kolesteroli kabla ya kuanza, kisha urudie baada ya miezi mitatu hivi. Namba ya kuitazama ni LDL. Daftarini utaona dalili mapema zaidi: chupa inadumu siku nyingi, na vile vifungashio vitatu vya juu vimebadilika.

LDL ikiwa miligramu 190 kwa desilita (milimoli 4.9 kwa lita) au zaidi, muone daktari bila kusubiri miezi hiyo mitatu, kwa sababu kiwango hicho mara nyingine hurithiwa katika familia na mlo pekee hautakishusha vya kutosha, ndugu wa damu nao wanapaswa kupimwa. Anayetumia dawa za kushusha kolesteroli aendelee nazo hata vipimo vikipendeza, na uamuzi wa kupunguza dozi autoe daktari aliyemwandikia.